Kituo cha Utafiti cha Kwembago

Waziri Lukindo alimwita Tabia Mwegoha, mtafiti aliyekuwa akiandika mkakati wa taifa wa utafiti wa teknolojia ya habari na mawasiliano, akamwamuru aandike kwamba kituo kikuu kijengwe Kwembago, kijijini kwa waziri huyo. Wataalamu walitaka kijengwe chuo kikuu, ila hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Tumekwisha andika hivyo, Mheshimiwa," Tabia alijibu, "na sababu yake tumeiweka."

"Sababu gani?"

"Kwamba kituo kitajengwa mahali palipo nyuma kuliko pote nchini kwa mawasiliano. Kwembago mtu hupanda kichuguu ndipo apige simu. Hakuna pa kushindana napo."

Waziri alitabasamu.

"Nawe Mheshimiwa ndiye utakayeisoma bungeni," Tabia aliendelea, "na redio itatangaza moja kwa moja. Wapiga kura wako watasikia."

Tabasamu lilimtoka waziri. Alikuwa mbunge wa Kwembago kwa miaka ishirini.

"Weka sababu nyingine."

"Kamati imeshaipitisha. Labda Kwembago ipate mnara wa simu kabla Bunge halijakaa. Hapo itakosa sifa, na itabidi kituo kiende chuo kikuu, kama wataalamu walivyopendekeza mwanzo."

Mnara ulisimama kabla mwezi haujaisha. Waziri alisoma mkakati kwa sauti kubwa, kituo kikaenda chuo kikuu, naye akapigiwa makofi.

Jioni hiyo mama yake Tabia alimpigia simu, ameketi jikoni kwake huko huko Kwembago.

"Nakusikia vizuri, mwanangu. Waziri wetu kumbe hakutusahau."

"Hakuwasahau, mama," Tabia alisema. "Alihitaji kukumbushwa tu."