Mzinga wa Batamzinga

Paliondokea mjane, Mwanamvua, mwenye batamzinga mmoja tu. Liwali Shebwana akamtaka ndege huyo kwa karamu yake.

"Mchukue, bwana," alisema Mwanamvua kwa unyenyekevu, "ila umchukue na mzinga wake. Ndio uliompa jina."

"Kumbe ana mzinga!" Liwali alikuwa akiutamani mzinga wa kuwatishia watu langoni pake. "Lete vyote!"

Asubuhi Mwanamvua akaleta ndege na mzigo mzito uliofunikwa shuka, akajitenga kando. Liwali akaufunua kwa pupa. Nyuki wakamvaa, naye akajitumbukiza kwenye pipa la maji.

"Uliniahidi mzinga!"

"Na huo je, bwana? Sikusema wa baruti," alijibu Mwanamvua, akaenda zake na batamzinga wake kwapani.