Zimwi Aliyepewa Mji wa Ukinduni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kwa sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mji, mjini pakawa na wasusi, na wasusi wakawa na midomo. Sogeeni karibu na moto, aliye nyuma asije akaniuliza kesho nilisema nini.

Hapo zamani za kale, katika mji wa Ukinduni, watu walisuka mikeka yenye neno pembeni. Ukingo wa mkeka ulichukua herufi tano, sita haukuchukua. Basi maneno ya herufi tano yakawa ndiyo mchezo wa mji, wakubwa kwa wadogo. Mmoja hutaja herufi, mwenziwe hutafuta neno lenye herufi hizo, akalihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kisha akatoa maana. Akishindwa humpa mwenziwe mji, kama tufanyavyo kwenye vitendawili: "Nakupa Lamu!" "Nakupa Bagamoyo!" Aliyepewa mji hujigamba kidogo, halafu hutoa jibu, na watu wakaenda kula.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa Mashavu. Fundi wa kusuka, mwepesi wa kujibu, na mwenye maringo pia, msinifanye nimfichie. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Afadhali angemeza mwiba wa samaki.

Asubuhi moja Mashavu akaenda porini kukata ukindu wa kusukia. Akamkuta Zimwi amekalia kichaka kizima, tumbo limemfika magotini.

"Msusi, tucheze."

"Tucheze," akasema Mashavu. Angekataaje, naye bingwa?

"Herufi tano, ndani yake M na K."

"Mkate. Maana yake, kitu cha kunywea chai."

"Limekaa. Herufi tano, ndani yake N na Z."

"Ndizi. Maana yake, tunda. Bichi hupikwa, bivu humenywa."

"Limekaa. Herufi tano, ndani yake Z, G na H."

Mashavu akakunja kidole, akakikunjua. Akakunja tena, akakunjua tena. Jua likapanda, jasho likamtiririka mgongoni, neno halikuja.

"Nipe mji!" akanguruma Zimwi.

Mashavu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Hakutaka hata kulisikia jibu, alitaka kuondoka tu. Akasema lililomjia mdomoni: "Nakupa Ukinduni!" Akajitwika ukindu wake, akashika njia bila kugeuka nyuma.

Mnacheka? Binadamu ukimpa mji, anajigamba. Zimwi ukimpa mji, anakuja na sahani yake.

Kabla ya adhuhuri Zimwi akaingia Ukinduni, akajibwaga barazani.

"Mji huu ni wangu! Nimepewa na Mashavu! Leo nakula wali, kesho nakula kuku, keshokutwa nakula watu!"

Vilio vikatanda. Wengine wakaenda kumpikia wali, wengine wakaanza kufunga mizigo. Kila aliyepita alimtupia Mashavu jicho, na Mashavu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mji wa watu, amewatolea kwa kinywa chake mwenyewe!

Akaja wifi yake, Mize, mikono kiunoni.

"Wifi, na hilo neno lenyewe lilikuwa lipi?"

"Sikulingoja."

"Hukulingoja! Umetoa mji na watu wake, jibu hukuchukua? Hata watoto hawachezi hivyo! Nenda kamdai."

"Nikamwambie nini, wifi?"

"Mwambie hujui."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Unataka nikawafukuze kwanza?"

Jamani, kutoka pale mpaka barazani ni hatua chache, lakini kwa Mashavu ilikuwa safari. Alisimama mbele ya Zimwi. Akainua sauti, kila mtu akamsikia.

"Zimwi, sijui. Neno ulilouliza silijui. Mji nimekupa, sasa toa jibu na maana yake."

Zimwi akaacha kugongagonga sahani yake. Akapepesa macho.

"Neno ni... zugho."

Watu wakahesabu kwa vidole. Tano kamili.

"Maana yake?" wakauliza.

"Maana yake samaki."

"Tuonyeshe!"

"Nimeshamla."

"Maana yake?"

"Samaki nimekosea. Ni chungu cha kupikia."

"Tuonyeshe!"

"Kimevunjika."

"Maana yake?"

"Ni... ni upepo!"

"Tuonyeshe!"

"Umepita sasa hivi, hamkuusikia?"

Mji mzima ukaangua kicheko. Wakapiga makofi: "Halijakaa! Halijakaa! Halijakaa! Asiye na jibu hana mji!"

Zimwi akainuka, uso umemsawijika. "Zugho yupo! Ngojeni hapo hapo, naenda kumleta mzima mzima!" Akatokomea porini, akifunua kila jiwe na kuchungulia kila shimo. Sahani yake akaisahau.

Mizigo ikafunguliwa. Wali ukapakuliwa, maana ulikwisha kuiva na haukuwa na kosa. Mashavu akajitenga nyuma ya nyumba, akingoja kuzomewa.

Mize akamfuata na sinia, akaketi mbele yake.

"Wifi," akasema, "tangu niolewe mji huu sijacheza nawe hata siku moja. Nilikuwa nakuogopa."

"Na sasa?"

"Sasa kula upesi, tucheze."

Mashavu akalia, kisha akacheka, kisha akanawa mikono.

Ndiyo hivyo, wenzangu. Usichokijua, uliza, haya ya kuuliza hupita kabla wali haujapoa. Na ukibanwa, toa kilicho chako, cha watu kiache.

Hadithi nimeikunja, anayeitaka akaikunjue kwake. Nami nilikuwapo siku ile, wakanipa ukoko, ndiyo maana meno yangu mnayaona hivi. Na mkikuta porini kitu msichokijua jina, tafadhalini, msimwambie Zimwi.