Sauti ya Mbogo Ilitoka Mtungini

— Nimebisha!
— Ingia!
— Nina mzigo!
— Utue!
— Umechanganyika na uongo.
— Tufungulie hivyo hivyo!

Haya basi. Hili sikusimuliwa na mtu. Nililiona kwa macho yangu mawili, nimekaa juu ya mkwaju, miguu inaning'inia. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kuona sijaacha.

Ukame ulikuwa umekausha mito yote, likabaki dimbwi moja tu. Ndani ya dimbwi hilo Bi Chura alikuwa na wanawe, viluwiluwi mia na kitu, mikia tu, miguu bado. Maji yakiisha, na wao wamekwisha.

Siku moja akaja Mbogo. Pembe hizo! Shingo hiyo! Akajitupa dimbwini, tumbwi! Akanywa, akagaagaa, akanywa tena. Alipotoka, maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua tatu. Bi Chura akawahesabu wanawe.

"Kuanzia leo dimbwi hili ni langu!" Mbogo akatangaza.

Lakini sauti yake, jamani! Pii, pii, pii, kama kifaranga aliyekanyagwa. Pundamilia walicheka mpaka wakalala chini.

Mbogo akaona haya. Akatafuta wa kumkodi. "Nataka mwenye sauti nzito," akasema. "Keshokutwa kuna mkutano wa wanyama wote. Yeye aseme, mimi nichezeshe midomo. Hatakanyaga mtu hapa tena." Na huko, neno likishatangazwa mkutanoni mara tatu, limekuwa sheria, hata aliyelisema halirudishi.

Akaja Simba. Mbogo akafumba macho, akasikiliza. Ngrrruuum! Sauti ndiyo hiyo! Alipofumbua macho, akamkuta Simba anamnusa paja. "Nenda tu, nitakuita."

Akaja Punda. Mbogo akafumba macho, akasikiliza. Hii-hoo, hii-hoo, hii-hoo! Nzito, sawa, ila kunyamaza hakujui. Akatimuliwa.

Akaja Kasuku. "Sema kama mimi," Mbogo akamwambia. "Dimbwi ni langu!" Kasuku akasema kama yeye kweli: pii, pii, pii, na mafua juu. Huyo alitimuliwa kwa pembe.

Bi Chura alikuwa ukingoni, anayaona yote. Jicho moja kwa wanawe, jicho la pili kwenye mtungi mtupu ulioachwa na wachota maji. Akaruka, chwa! Akatua ndani.

"Shikamoo, bwana mkubwa!"

Tumboni mwa mtungi salamu ile ilitoka BUUUM, vijiwe vikacheza. Mbogo akafumba macho, akasikiliza.

"Marahaba! Nani huyo? Tembo?"

Bi Chura akachungulia. "Ni mimi."

"Wewe? Wewe kidonge cha tope?"

"Bwana, unakodi mwili au sauti?"

Mbogo akafikiri, kazi ambayo hakuizoea. "Sauti."

"Basi nina sharti moja. Nikianza, wewe usitoe sauti yako hata kidogo. Zikisikika mbili, watajua umekodi."

"Hilo tu? Jepesi!"

Wakafanya mazoezi. "Mimi Mbogo! Dimbwi hili ni langu! Atakayelikanyaga, nitamkanyaga!" Ninyi, yule alikuwa fundi! Neno la kwanza alilivuta, la pili alilikata, la tatu alilitwanga kama mchi kinuni. Hata mimi niliogopa, nami nilijua ni chura.

Siku ya mkutano wanyama walijaa mpaka kilimani. Mtungi ukafichwa kwenye matete, nyuma ya Mbogo. Mbogo akatanua kifua, akafungua midomo.

"MIMI MBOGO!"

Hakucheka hata pundamilia mmoja.

"DIMBWI HILI..." Midomo ya Mbogo ikacheza: ni langu. "...NI LA WOTE!"

Midomo ikagoma.

"MTAKUNYWA KWA ZAMU! NAMI NILIYE MKUBWA NITAKUNYWA WA MWISHO, UKINGONI, BILA KUTIA KWATO!"

Macho yalimtoka Mbogo. Akisema siyo, itatoka pii, mbele ya watu wote hawa.

"NASEMA MARA YA PILI!" Midomo ikafuata, polepole. "NASEMA MARA YA TATU!" Ikafuata.

Vigelegele! Tembo akainama. "Mzee, nilikudhania mchoyo. Nisamehe."

Mbogo akaitikia kwa kichwa. Angefanya nini?

Walipotawanyika akauendea mtungi, akanong'ona, "Umenigeuka, wewe!"

"Ongeza sauti, bwana," Bi Chura akajibu. "Wenzetu hawajafika mbali."

Basi viluwiluwi wakaota miguu, wakapanda nchi kavu, chwa, chwa, chwa. Na Mbogo hadi leo hunywa wa mwisho, kimya, watu wakimsifu kwa busara.

Funzo lake ni hili: ukikodi sauti, tafuta mnyenyekevu kama Bi Chura, asiyeongeza hata neno lake moja.

Mzigo nimeutua; aliyeupenda aubebe na ngata yake. Ila nakiri, kitu kimoja nilikitunga mwenyewe: ule mkwaju. Pale hapana mti hata mmoja. Msiniulize nilikaa wapi.