Mgeni Rasmi wa Mlima wa Moto

Paukwa!
Pakawa!
Kaondokea mlima?
Kajenga kisiwa!
Kwa mawe gani?
Kwa matapishi yake!
Haya. Na wewe unayekoroma pale nyuma, amka, hadithi ya leo inaunguza.

Mbali sana mashariki, kwenye bahari ya Pasifiki, palikuwa na maji, maji, maji matupu. Chini ya maji ardhi ikaumwa tumbo. Nguru-nguru-nguru! Ikatapika uji wa moto. Uji ukagusa maji, chwaaa! ukawa jiwe. Ikatapika tena, chwaaa! jiwe juu ya jiwe, jivu juu ya jiwe, mpaka mlima ukachungulia nje ya mawimbi. Miaka mingi baadaye mlima ukatapika hadi ndani ukabaki mtupu, kichwa chake kikaporomokea tumboni. Puu! Pakabaki shimo kubwa kama bakuli, linafuka moshi.

Hapo aliishi Bi Kichakuro, ndege mdogo mwenye miguu mikubwa. Kwao hawaatamii mayai. Huyafukia kwenye jivu la mlima lenye joto, mlima ukayaatamia. Uvivu? Akili? Shauri yenu.

Aliishi pia Nguruwe Dume, pua kama jembe, tumbo halijui kesho. Bi Kichakuro akifukia, Nguruwe anafukua: fuku-fuku-fuku, ham! Akifukia tena, anafukua tena: fuku-fuku-fuku, ham!

"Mzee wangu, nihurumie," Bi Kichakuro akalia. "Limebaki yai moja tu, kule pwani!"

"Pwani upande gani?"

Huyo ndiye mkubwa mliyemzoea. Akashika njia ya pwani.

Bi Kichakuro, roho inamuuma, akachomeka mdomo kwenye jivu kupima joto, kama wafanyavyo ndege wa kwao kila asubuhi. Lahaula! Jivu linachoma! Alijua maana yake: mlima umeshikwa na kichefuchefu. Akamkimbilia Nguruwe.

"Mheshimiwa! Wewe wa kuhangaika na kiyai, na huko juu mlima unapika karamu? Moshi huo huuoni? Anangojwa mgeni rasmi."

Nguruwe akasimama. "Hotuba ipo?"

"Ipo, tena ndefu."

Wakapanda kwa njia ya korongo, kuta zake zikionyesha tabaka juu ya tabaka.

"Hili jeusi ni nini?"

"Masizi ya karamu ya kwanza, mheshimiwa."

"Na hili jeupe?"

"Ukoko wa karamu ya pili, mheshimiwa."

"Na hili jekundu?"

"Busati lako, mheshimiwa."

"Na wageni rasmi waliopita wako wapi?"

"Walishiba. Hajarudi hata mmoja kulalamika njaa."

Nguruwe akafurahi, mate yanamtoka. Wakafika ukingoni mwa shimo.

"Mbona miguu inaungua?"

"Nafasi ya heshima ndivyo ilivyo. Wewe anza, mimi nawaita waalikwa." Bi Kichakuro huyoo, purrr! akaruka hadi pwani.

Nguruwe akakohoa. "Ndugu wananchi!"

Nguru-nguru-nguru, mlima ukajibu.

"Asanteni kwa makofi. Kwanza kabisa..."

NGURU-NGURU-NGURU!

"Nyamazeni, bado sijamaliza!"

BUUUU!

Mlima haukungoja la pili. Nguruwe akaenda juu mbichi, akashuka pwani ameiva. Kaa wa ufukweni, aliokuwa akiwakanyaga kila siku, wakaja na majirani zao, wakamla bila hotuba.

Na lile yai? Jivu laini likaliangukia pole pole, likalifunika shuka. Kifaranga akapasua ganda, akachimba, akatoka na mbawa zake kamili, akaruka zake. Hata shikamoo hakumpa mama yake. Bi Kichakuro akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwanawe alikuwa hai, basi.

Funzo, watoto: wapendeni wakubwa wenu, msiwadanganye kamwe. Na mkubwa akipenda kuhutubia, msimnyime jukwaa. Mtafutieni lililo juu kabisa.

Ngano yangu imepoa. Jivu lake sugulieni sufuria, na anayebisha apande akamuulize mgeni rasmi.