Mkono wa Kuazima Haujui Kwenu

"Mkono wa kuazima haujui kwenu." Mmemsikia leo shangazi yenu akimwambia Mwanahawa, aliyesimama kumtakia heri dada yake kwa maneno aliyoyaokota kwenye arusi ya watu wengine. Sasa mnataka kujua ni mkono gani huo, na nani aliuazima. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi, mbali sana na hapa, huko Uchina, zamani za wafalme wao.

Palikuwa na mchoraji, jina lake Qiao Dening. Alizaliwa katika kijiji cha bondeni. Baba yake alipofariki, mama yake alimpeleka mjini angali mdogo, akamkabidhi kwenye karakana ya wachoraji ili asife njaa. Kazi ya karakana hiyo ilikuwa kunakili picha za mabingwa wa kale. Msidhani huo ulikuwa wizi. Hariri huoza, karatasi huliwa na wadudu, na picha isiyonakiliwa hupotea. Tena kwa watu wa kule, kumfuata bingwa mstari kwa mstari ndiyo iliyokuwa shule, na ndiyo iliyokuwa heshima.

Dening alipewa picha za Fundi Hanxi, aliyekufa karne nyingi kabla yake. Huyo alichora milima tu: vilele vilivyochongoka, ukungu kiunoni mwake, msonobari uliojikunja ukingoni, na chini kabisa mtu mmoja mdogo akivuka daraja. Dening aliinakili milima hiyo utotoni, akainakili ujanani, akaoa, akafiwa na mke, naye bado anainakili. Ikafika mahali hata wajuzi wakiwekewa picha ya Hanxi na ya Dening ubavu kwa ubavu, wanakuna vichwa. "Dening ameazima mkono wa Hanxi," watu walisema, na hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mwenyewe aliifurahia. Hakuwa na rafiki wa kumgongea mlango. Aliyezoeana naye zaidi duniani alikuwa marehemu ambaye hakupata kumwona.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha kupita kiasi. Mlima uliokuwa juu ya kijiji chao ukaporomoka, ukakifukia chote. Mama yake aliponea chupuchupu, kwa kuwa alikuwa amekwenda ng'ambo ya pili ya mto kumwangalia mgonjwa. Hakuwa tena na nyumba wala jirani, akaja mjini kukaa na mwanawe.

Waliishi kwa adabu, kama wageni wawili waliokutana safarini. Mama alisema kwa lafudhi ya bondeni, na Dening alikuwa ameisahau nusu. Kutwa mama alikaa dirishani akitazama ukuta wa jirani.

Siku moja akasema, "Mwanangu, huku mjini wanasema ukichora mlima, mtu husikia baridi. Nichoree kwetu. Sasa hapapo tena popote, ila nataka nipaone mara moja kabla sijafumba macho."

Dening alifurahi. Kwa mara ya kwanza mama yake alikuwa amemwomba kitu anachokiweza. Akachagua hariri bora, akasaga wino mwenyewe, akajifungia. Siku kadhaa za baridi zikapita. Alipomaliza, aliitundika picha mbele ya mama akasimama pembeni.

Mama aliitazama.

"Pazuri," alisema. "Ni wapi?"

"Mama, ni kwetu."

"Kwetu?" Mama akasogea karibu. "Kwetu mlima haukuchongoka hivi, baba. Ulikuwa mnene, umelalia ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Daraja hatukuwa nalo, tulivuka kwa mawe. Na huyu mtu ni nani? Mimi simjui."

Dening akaitazama picha kana kwamba imechorwa na mwingine. Kilele kilikuwa cha Hanxi, na ukungu na msonobari pia. Hata yule mtu wa darajani alikuwepo, na Dening hakukumbuka kumweka.

Akaanza upya. Alijiambia: mlima mnene, umelala. Lakini mkono ulipofika juu, mlima ulichongoka wenyewe. Akachana, akachora, akachana tena. Kisha akafumba macho autafute mlima kichwani, na humo pia akaikuta milima ya Hanxi, imesimama safu kwa safu. Wa kwao haukuwemo. Dening alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mama alimsikia, akaja akakaa karibu naye.

"Nipe mkono," alisema.

"Mama, wewe hujapata kushika burashi."

"Burashi shika wewe. Mimi nataka mkono."

Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vigumu, akauvuta juu ya karatasi. Ukapanda taratibu, ukajaa kama tumbo, ukateremka kwa kukwaruza. Mstari ulitetemeka, na wino ukadondoka njiani.

"Haya," mama alisema. "Haya, ndio huo. Kesho nitakuonyesha kisima kilipokuwa, na mti wa mforosadi wa baba yako."

Usiku huo homa ilimshika. Kesho yake hakuweza kuinuka, na kabla baridi haijaisha Dening alimzika.

Barabara zilipokauka alifunga safari kwenda bondeni, apate walau mahali pa kisima. Alikuta kilima cha udongo na majani machanga. Mchungaji mmoja alikuwa akilisha mbuzi hapo. Dening alimtajia jina la kijiji, na mtu yule akatikisa kichwa. Alikuwa amehamia juzi, na jina hilo hakulisikia kamwe. Hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

Dening akarudi mjini, akaendelea kunakili, maana ndiyo kazi aliyoijua, na alikufa akiitwa bingwa. Lakini ukutani kwake alitundika karatasi yenye mstari mmoja uliotetemeka na tone la wino. Wageni walishangaa.

"Fundi Qiao, wewe, wa kuacha kazi nusu?" walimwuliza. "Mbona hukuimaliza?"

"Aliyeijua amekwenda," aliwajibu. "Mimi nina mkono mzuri sana, ila ni wa kuazima. Mkono wa kuazima haujui kwenu."