Maji ya Shamba la Mwisho

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama wakiamka na majembe begani kama baba zenu, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Maji yalitoka msituni, yakashuka kwa mfereji mmoja, shamba kwa shamba, mpaka kwa Bi Pimbi. Yeye alikuwa wa mwisho kabisa, kule chini penye mawe.

Mwaka mmoja maji hayakufika. Huko juu, Mzee Nyati alikuwa amejilaza katikati ya mfereji, pwaa, anajipoza mgongo. Maharage ya Bi Pimbi yakaanza kusinyaa, na watoto wake wakawa wanalalia uji mwepesi. Roho ilimuuma sana. Lakini pimbi atamsukumaje nyati?

Akajitwika chungu chake kikubwa, akapanda mlima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chungu cha nini hicho?" Nyati hata hakuinuka.

"Tumekaa kikao, tumekuchagua uwe mzee wa mfereji. Na mila unaijua. Mavuno yakiiva, tunapika kwenye shamba la mwisho, na hakuna anayeonja kabla ya mzee wa mfereji."

Nyati hakuijua. Kila msaragambo, kijiji kizima kikitoka kuzibua mfereji, yeye mgongo ulikuwa unamuuma. Lakini aibu ya mkubwa ni nzito.

"Naijua sana," akasema. "Na mnapikia hicho?"

"Hiki hiki, baba. Ila mwaka huu sijui. Maharage yanakauka."

Nyati akachungulia ndani ya chungu. Mate yakamjaa. Akainuka, chururu, na maji yakateremka, shwaaa, mpaka kwenye mawe.

Tangu siku hiyo hakulala tena mferejini. Nguruwe akijaribu kuyakinga maji, Nyati anamfokea, "Unataka kuniulia maharage yangu?" Na Bi Pimbi huko chini anapalilia, anacheka peke yake.

Mavuno yakaiva. Kijiji kikakusanyika, chungu kinatokota, tokoto tokoto. Nyati akaja na mwiko mrefu kama mpini wa jembe.

"Weka mwiko chini, baba," akasema Bi Pimbi. "Mila inasema mzee anapimiwa kwa kiganja cha mwenye shamba."

Kiganja cha pimbi, wanangu! Akachota punje tatu, na ya tatu ikadondoka.

Nyati akafura. "Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema unaijua sana?"

Wanyama wote wakamtazama. Akisema hakuijua, amekiri kuwa hajawahi kushika jembe la msaragambo. Akala punje zake mbili. Akawaona watoto wa Bi Pimbi wanasubiri na vibakuli vyao, na nyuma yao mashamba ya kijani kutoka juu hadi chini. Hasira ikampungua, akaona haya.

"Ni matamu," akasema. "Msaragambo ujao ni lini?"

"Keshokutwa."

"Nitakuja. Mgongo umepona."

"Basi lete bakuli, baba," akasema Bi Pimbi. "Mzee wa mfereji ameshaonja. Sasa jirani ale na wenzake."

Aliye juu akiacha maji yashuke, chakula kitamfuata huko huko juu. Nami hadithi yangu imefika shamba la mwisho, nafunga mfereji.