Bustani ya Mama Tatiana

Baridi ya London ilipoanza kulegea mwezi Machi na jua kuchungulia juu ya mapaa ya mtaa wa Barking, kila kilichokuwa kimejificha gizani kilianikwa peupe. Jennifer Wanjohi alifungua mlango wa jikoni, akaitazama bustani yake, akashika kiuno. Miiba ilikuwa imetambaa kutoka kwenye ua wa jirani hadi karibu na ngazi. Kijia cha saruji kilikuwa kimeota utelezi wa kijani. Ndani ya nyumba nako hakukuwa na afadhali: maboksi yalibanana kwenye ujia, makabati yalitapika nguo, na madirisha yalikuwa yameingia ukungu.

Zamani kazi hizo zilikuwa za watu wawili. Mumewe, Harrison, ndiye aliyekuwa bwana wa bustani, na sukuma wiki yake ilisifika mtaa mzima. Lakini mwaka uliopita, msimu wa majani kupukutika, kiharusi kilimwangusha. Tangu hapo alikuwa hospitalini, upande wake wa kulia umelegea kama kamba iliyolowa maji. Jennifer, aliyekuwa mhudumu wa wazee majumbani mwao, alitoka kazini akaenda wadini, akatoka wadini akaenda kulala. Nyumba alimwachia Mungu.

Sasa mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitalini alikuwa ameleta habari njema yenye mwiba ndani yake. Mwishoni mwa Aprili angekuja kuikagua nyumba. Ikiwa Harrison angeweza kupita bila kujikwaa na kutoka nje kupunga hewa, angeruhusiwa kurudi. La sivyo, angepelekwa kwenye makao ya wagonjwa, na hakuna aliyejua angetoka huko lini.

"Nitaimaliza Jumamosi hii," Jennifer alimwambia binti yao, Tatiana. "Yote. Ndani na nje."

Tatiana, mzaliwa wa London aliyeelewa Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza, alimwuliza kama alikuwa anatania.

Hakuwa anatania. Jumamosi ilipofika alijifunga kibwebwe, akatoa kila kilichokuwa makabatini na kukirundika sebuleni. Kabla hajakipanga, akakumbuka madirisha. Kabla madirisha hayajakauka, akakimbilia miiba. Mchana mvua ikanyesha. Matawi aliyoyakata yakazagaa kijiani yakiwa chepechepe, mgongo ukamkaza ghafla kama uliopigiliwa msumari, naye akaingia ndani akijikokota. Hapakuwa na hata mahali pa kuketi. Alijitupa juu ya rundo la nguo, akalia kwa kwikwi.

"Nyumba ni chafu kuliko asubuhi," alisema. "Nimeshindwa, Tati. Baba yako hatarudi."

Mgongo ulipomwachilia, alikwenda hospitalini akiwa na moyo mzito kama jiwe. Alimkuta Harrison amesimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, jasho likimtiririka. Akavuta mguu mmoja. Akavuta wa pili. Kisha akaketishwa kitini, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umeona, Mama Tati?" alisema, maneno yakimtoka kwa uzito. "Juzi nilifika kwenye kile kiti. Leo nimekipita."

"Lakini mlango bado uko kule mbali. Hukati tamaa?"

"Mlango siutazami. Nikiutazama, miguu inagoma. Mimi nina kazi na kiti kilicho mbele yangu tu."

Jennifer alicheka. Maneno yale yalimwingia hadi kwenye mifupa.

Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, alichagua kipande cha kijia kisichozidi upana wa mkeka. Alikisugua kwa brashi na maji ya moto hadi saruji ikaonekana, akaacha. Mkono ulimwasha kuendelea, lakini alijizuia, akaenda zamu yake. Jioni alipanga droo moja, akaifunga, akaketi na kupumzika bila kujilaumu.

Ikawa ndiyo desturi yake. Siku ya mvua alishika kabati, siku ya jua akashika miiba. Siku aliyorudi amechoka hoi, alikata tawi moja tu, na hilo nalo akalihesabu kuwa kazi.

Jirani yake Kishor, mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa muuza duka kabla ya kustaafu, alimchungulia juu ya ua. "Mama, kwa mwendo huu mume wako atakuja majani yakianza kuanguka tena!"

"Tutaona, Bwana Kishor," Jennifer alijibu, mkasi mkononi.

Wiki moja mvua ilinyesha mfululizo, na hofu ya zamani ikamrudia. Alianza kutoa vitu vya kabati la pili kabla la kwanza halijafungwa. Tatiana alimshika mkono, akamkumbusha kwa Kiingereza chake maneno ya baba aliyosimuliwa: kazi yao ni kiti cha mbele tu. Mama mtu alicheka, akarudisha vitu. Kuanzia hapo binti naye akawa anasafisha dirisha moja kila atokapo shule. Hata Kishor, alipoona ardhi nyeusi ikijitokeza, akaanza kurusha magunia matupu juu ya ua ili watilie matawi.

Siku ya ukaguzi ilipowadia, Harrison alishuka garini akiegemea fimbo, mtaalamu pembeni yake. Ujia ulikuwa mweupe na wazi. Alipita bila kugusa ukuta. Kwenye mlango wa jikoni alisimama kama aliyeduwazwa. Kijia kilinyooka, kikavu, hadi kwenye benchi. Pande zote mbili miche ya sukuma wiki aliyoipanda Jennifer ilikuwa imeinua vichwa. Mtaalamu alikisugua kijia kwa kisigino, hakikuteleza. Akauliza ni kampuni gani iliyofanya kazi nzuri namna ile.

Tatiana alijibu kwanza kwa Kiswahili, kifua mbele: "Ni mama yangu!" Kisha akamtafsiria mgeni.

Harrison alitembea polepole hadi kwenye benchi, akageuka, machozi yakimlengalenga. "Mama Tati, hata nilipokuwa mzima sikuwahi kuipendezesha hivi."

"Ni kweli," Jennifer alisema, kichwa juu kama malkia. "Hukuwahi."

Kishor alipiga makofi nyuma ya ua. Mtaalamu akatabasamu, akatamka kwamba Bwana Wanjohi anaweza kurudi kwake. Jennifer aliketi kando ya mumewe, akaitazama kazi ya mikono yake bila haya wala unyenyekevu wa bure. Ama kweli, bandu bandu huisha gogo.